Fundi wa Visima na Meli Iliyolala Ubavu

Fundi alifariki nikiwa mbali, kozini Afrika Kusini. Habari ilinifikia kwa simu asubuhi nikiwa navua suti ya mpira ya kupigia mbizi. Nilisema "Innalillahi" kwa niaba yake, maana mimi ni Mkatoliki wa Kipalapala na yeye alikuwa Mwislamu wa Ng'ambo, Tabora mjini, kisha nikaendelea kuvua. Sikulia. Tangu nilipomzika mama yangu mwaka juzi, habari huniingia na kukaa mahali bila kugusa kitu. Nalisema mapema ili msomaji asingoje machozi yangu. Nataka tu kueleza alivyokuwa, kwa sababu watu wa Tabora wanamkumbuka kama mtu wa visima, watu wa Kigoma wanamkumbuka kama mtu wa samaki, na mimi nadhani nilimjua pande zote mbili.

Jina lake silitaji. Hata mkewe alimwita Fundi, na yeye mwenyewe alipopiga simu alisema, "Fundi hapa," akangoja umtambue. Usipomtambua alikata.

Kazi yake, wakati nilipomjua, ilikuwa kusafisha na kuzibua visima. Tabora ina visima vya kila umri, na vile vya upande wa Kwihara watu husema vilichimbwa enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipumzika kabla ya kuendelea kwenda Ujiji. Fundi hakujali nani alichimba. Alijali hewa. Kabla ya mtu yeyote kuingia aliteremsha kibatari kwa kamba ya katani, taratibu, akamwomba mwenye nyumba azime redio, akakaa ukingoni akitazama mwali. Kikizimika, tulifunga fungu la matawi kwenye kamba tukalipandisha na kulishusha kisimani mpaka hewa ibadilike. Kisha kibatari kikarudi chini, naye akakaa tena. Wenye visima walichoka kungoja. Wengine walikwenda kunywa chai wakarudi wakamkuta amekaa vilevile.

Lakini hakukiamini kibatari kabisa. "Taa inajua jambo moja tu," alikuwa akisema. "Ikikwambia hewa ipo, haijakwambia hewa gani."

Maana yake niliijua Usoke, kwa mkulima mmoja wa tumbaku. Mkulima alitaka kisima kikaushwe haraka, akakodi pampu ya petroli, na vijana wake wakaiteremsha ikae kwenye kijukwaa ndani ya kisima, karibu na maji, ivute vizuri. Ilivuta vizuri. Walipoizima wakateremsha kibatari, nacho kikawaka safi, mwali umesimama. Fundi alikataa kuingia. Aliwaambia moshi wa injini hauzimi taa, unazima mtu. Mkulima akamtazama mguu wake mbovu, akacheka, akasema mzee amechoka. Vijana wawili wakaingia. Mmoja tulimtoa mzima. Mwingine tulimtoa.

Njiani kurudi, ndani ya treni, nilimwuliza kwa nini hakuwazuia kwa nguvu. Alisema aliwazuia kwa maneno, na hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Aliniudhi sana siku ile. Nilikuwa bado mtu wa kuudhika.

Nilianza kufanya naye kazi nikiwa na miaka ishirini na tatu, nimeacha chuo, niko nyumbani nalima viazi kwa shingo upande. Alikuja kuzibua kisima chetu. Mama yangu alimsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," naye akaitika kwa lafudhi ya mjini iliyomfanya mama acheke chinichini. Jioni akaniambia nina mabega ya kuvuta kamba. Nilivuta kamba yake miaka mitatu.

Alikuwa mtu wa vituko. Aliyeishi nusu ya maisha yake majini hakuweza kuvumilia maji baridi. Ya kutawadhia alipashiwa moto hata mwezi wa kumi, mji mzima unapoungua kwa jua. Samaki hakula, wala dagaa. Mkewe, ambaye ni mtu wa Ujiji na aliyakosa sana mapochopocho ya ziwani, alikaanga migebuka yake kwa jirani na kuilia hukohuko. Alikuwa mkali kwa wanaochelewa, na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali isipokuwa kazini. Alipenda kunitania kwa dini yangu. Nikitoka kisimani nimejaa tope aliniuliza kama padri ameridhika na ubatizo huo.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa na ganzi kuanzia nyonga. Aliuburuta. Siku moja kaa la moto liliruka kutoka kwenye pasi ya mkewe likamwangukia kwenye goti, naye akaendelea kusimulia hadi harufu ilipomfikia. Akaliondoa kwa vidole akasema, "Samahani, nilikuwa nasema nini?" Sisi ndio tuliopiga kelele.

Na kulikuwa na stesheni. Siku ya treni kutoka Kigoma alijikongoja mpaka pale, akawasimamisha abiria wanaoshuka na vifurushi vyao na kuwauliza, "Ziwa limetulia?" Wengi hawakujua wajibu nini. Mtu amelala tangu Kaliua, macho yamevimba, anaulizwa habari za ziwa. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupanda treni ya kwenda huko tena. Tuliochukulia kwamba amelikumbuka ziwa tulimwonea huruma.

Kigoma alikuwa mpiga mbizi wa samaki wa mapambo. Ni kazi ambayo watu wa bara hawaijui: unashuka na mtungi wa hewa mgongoni, unawakamata kwa nyavu samaki wadogo wenye rangi wanaokaa miambani, nao husafirishwa wakiwa hai kwenda kuwekwa kwenye matangi ya vioo sebuleni mwa watu nchi za nje. Fundi ndiye aliyenifungulia njia hiyo. Alinipeleka bwawa la Igombe na mtungi wa zamani, akanifundisha kupumua, na nilipojua kupumua akanifunika barakoa kwa kitambaa cheusi na kunifuatisha kamba aliyoizungusha kwenye visiki chini ya maji. Ukiiachia kamba, unaanza upya. Nililia ndani ya barakoa mara ya kwanza. Alifanya hivyo siku nyingi mpaka nikaweza kwenda na kurudi bila moyo kubadilika. Kisha akaniandikia barua, nikaenda Kigoma, nikaajiriwa. Nipo huko mpaka leo, mwaka wa kumi na moja.

Huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo Fundi hakunifundisha. Samaki wa kina huwezi kumpandisha moja kwa moja. Kibofu chake cha hewa kitavimba, atafika juu tumbo limegeuka. Kwa hiyo tunawaweka kwenye vizimba vya wavu na kuwapandisha kwa vituo: leo hapa, kesho mita kadhaa juu, keshokutwa tena. Kila mpiga mbizi wa Kigoma anaijua ratiba ya samaki kwa moyo. Na wale wa zamani, baada ya kufunga kizimba vizuri na kuhakikisha samaki wamepumzika kituoni, walipanda wenyewe juu mara moja, mara nne au tano kwa siku, wakanywa chai. Damu ya mtu nayo inahitaji vituo vilevile, la sivyo hewa hutoa mapovu ndani yake na kuua viungo. Hakuna aliyewaambia, au waliambiwa na wakaona ni mambo ya samaki. Ndiyo maana mjini Kigoma ukiwaona wazee watatu wanaochechemea, wawili walikuwa wavuvi wa mapambo.

Mguu wa Fundi ulikwenda hivyo, siku aliyompoteza mwenzake. Kigoma hadithi hiyo inasimuliwa kwa heshima. Kuna meli ya mizigo iliyozama kabla sijazaliwa, imelala ubavu kwenye mteremko kusini mwa mji, na ndani na nje yake wanaishi samaki wa rangi ambayo wanunuzi waliitaka sana. Fundi na mwenzake walikuwa wakivua nje ya meli hiyo. Mkondo ukamchukua mwenzake. Fundi akapanda haraka kupita kiasi ili aombe msaada, mguu ukafa, na mwenzake hakuonekana tena. Mjane alikaa miaka minne bila maiti wala kaburi, mpaka masheikhe wakahukumu kwamba mumewe ahesabiwe amekufa, akakaa eda, na ilipokwisha Fundi akamwoa na kuhamia naye Tabora. Aliyetoa mguu kwa ajili ya rafiki, kisha akamsitiri mjane wake: ndivyo walivyomwita. Mimi nilipomrudishia sifa hizo, likizo yangu ya kwanza, aliinuka akaenda uani na hakurudi mpaka nilipoondoka. Nilidhani ni unyenyekevu.

Sasa nieleze kilichonipeleka kwake mara ya mwisho.

Mwaka jana watafiti wa mabaki ya meli walikuja na kifaa kinachopiga picha kwa sauti, wakaichora meli ile yote. Walitaka mpiga mbizi wa hapa ajiunge nao, na wakajitolea kunisomesha kozi moja. Moja tu, kwa sababu muda haukuruhusu mbili, na jibu walilitaka kabla ya Ijumaa. Za kuchagua zilikuwa mbili: ya kwanza ilikuwa ya kupiga mbizi mapangoni, Afrika Kusini. Ya pili ilikuwa ile wanayoiita ya kiufundi, Misri, ambayo sisi tuliita ya kina. Mlango wa ghala la mizigo uko kina ambacho tayari naruhusiwa kufika, ila ni ndani, pana paa juu yako. Sehemu ya nyuma, yenye usukani na pangaboi, iko chini zaidi, ila ni nje, maji matupu. Kozi ya mapango ingenipa ndani. Kozi ya kina ingenipa nje. Wenzangu kazini waligawanyika, na kila mmoja alikuwa na hakika. Mimi sikuwa na upande. Nilipanda treni kwenda kumwuliza Fundi kwa sababu ndiye mtu niliyezoea kumwuliza.

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha kamba, amepungua mwili. Mguu wa kulia nao ulikuwa umeanza kugoma. Mkewe alikuwa mkekani karibu yake, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ziwa limetulia?"

"Limetulia."

Nilimsalimu mkewe, nikapewa kigoda na chai, nikaeleza. Fundi alisikiliza amefumba macho. Nilipotaja meli, ungo wa mkewe ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea.

"Hiyo ya mapango wanafundisha nini?" akauliza.

"Kamba," nikasema. "Kuingia na kamba na kutoka na kamba, hata kama huoni. Kugeuka bila kutibua tope. Hewa unaigawa mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, la tatu huligusi mpaka kuwe na shida."

"Na ya kina?"

"Hewa ya kuchanganya, akili isilewe huko chini. Na vituo vya kupandia."

"Kama samaki."

"Kama samaki."

Akafikiri. Kisha akazungumza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akizungumza zamani ukingoni mwa kisima. Alisema nichague ya kina. Alisema kamba nilishaijua, alinifundisha mwenyewe Igombe. Vituo sikufundishwa na mtu. Alisema ndani ya meli hakuna ila tope na mabati yanayokatika, na watafiti wangepata yote wanayoyataka kwa nje. Alisema nimtazame yeye, miguu yote miwili, niamue. Maneno yake yalikuwa na akili na sikuona kasoro. Nilitoa fomu mfukoni.

"Akichukua hiyo ya kina," mkewe akauliza, bila kuinua uso, "ataruhusiwa kuingia ndani?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Nje tu."

"Basi achukue ya mapango."

Fundi alifumbua macho. "Wewe mambo haya huyajui."

"Sijui mapango. Najua mume wangu yumo mle ndani." Akauweka ungo chini. Alinigeukia mimi, kwa sauti ileile ya kuulizia sukari. "Mwanangu, hakuchukuliwa na mkondo. Yumo ndani ya meli."

Nilimtazama Fundi ili akanushe. Hakukanusha. Alimwuliza mkewe nani amemwambia.

"Wewe. Ulipokuwa hospitali na homa, wiki ile ya kwanza. Nilikuletea uji, ukanisimulia yote ukidhani mimi ni mama yako."

"Yote?"

"Na mguu."

Kuku alipita mkekani akadonoa mchele na hakuna aliyemfukuza. Kisha Fundi akanisimulia mimi, maana ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui. Waliingia ghalani kufuata samaki. Hawakuwa na kamba. Hawakujua kama kuna watu wanaotumia kamba. Mwenzake alimfukuza samaki mpaka kwenye chumba cha ndani, akapiga mateke, tope likanyanyuka na kila kitu kikawa cheusi. Wakatafutana. Mwenzake akamshika mguu, wa kulia, huu uliosalimika siku ile, akaung'ang'ania kwa mikono miwili. Fundi alitaka kutoka. "Nikampiga teke la uso," akasema. "Mara mbili. Ya pili akaachia." Akaona mwanga wa mlango. Akapanda bila kusimama popote, akavipita vizimba vya samaki wao wakiwa wametulia kituoni, akafika juu, na kabla ya kuvuta pumzi ya pili alikuwa tayari ana uongo wake.

Nilikuwa nikimtazama mtu niliyemwita mwalimu wangu miaka yote hiyo, nikajitafuta ndani kama nina hasira, au huruma. Sikupata kitu. Nilijisikia vibaya kwa kutopata kitu, na hilo ndilo pekee nililolisikia.

Yeye hakuwa akinitazama. Alikuwa akimtazama mkewe.

"Ulijua, ukakubali nikuoe."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Ni wewe tu uliyejua alipo," mkewe akasema. "Ningekwambia najua, ungekimbia. Na ukikimbia, nani angenionyesha? Nikangoja. Nilidhani mwaka, miwili, utasema mwenyewe." Akauchukua ungo, akautikisa, akauweka tena. "Halafu nikakuzoea. Hilo sikulipanga."

Fundi alifunika uso kwa kiganja kimoja. Alipokiondoa hakuwa amelia. Alikuwa tu amezeeka zaidi. Akaniambia nirudishe fomu mfukoni nitoe kalamu na karatasi nyingine. Nikatoa.

"Ukiingia mlango wa ghala, meli imelala, kwa hiyo sakafu ni ukuta wako wa kushoto. Fuata huo. Utakuta ngazi imelala kama reli. Usiishike, itakatika. Mwisho wa ngazi kuna mlango wa chuma, nusu wazi, upana wa mabega tu. Ni humo. Funga kamba nje ya mlango, siyo ndani. Na miguu yako iwe juu, magoti umeyakunja, usipige maji hata kidogo. Kama kuna kitu, kitakuwa upande wa kulia, chini, karibu na mlango. Alikuwa karibu sana na mlango."

Alisema hayo bila kusitasita. Miaka thelathini na zaidi, na alijua ngazi imelala vipi. Nikaandika. Nikamsomea, akasahihisha mahali pamoja.

"Ukimpata," mkewe akasema, "mlete Tabora, siyo Ujiji. Nitamwosha, kama kuna cha kuosha. Ataswaliwa, azikwe hapa nilipo."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi?" Fundi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku hiyo mimi nikae wapi?"

Mkewe alimtazama. Sikuweza kusoma chochote usoni mwake, na nadhani hata yeye Fundi hakuweza.

"Utashika jeneza," akasema.

"Miguu hainibebi."

"Utashika ukiwa umekaa."